Subira ya Mtalaka Si Kufungasha Virago

Wengi katika mwambao wetu huamini kwamba mwanamke aliyeachwa, akiwa na imani ya kweli, hufungasha virago usiku huohuo, akarudi kwao na kunyamaza. Dhana hiyo si sahihi, na imewaumiza dada zetu wengi. Maneno tunayoyasoma mno wakati wa dhiki, kwamba amchaye Mwenyezi Mungu hutengenezewa njia na kuruzukiwa asikotazamia, yamo katika Surat At-Talaq, sura ya 65, ambayo aya yake ya kwanza inakataza walioachwa kutolewa majumbani mwao wakiwa edani, yaani katika muda wa kungoja baada ya talaka, isipokuwa kwa tendo chafu lililo wazi. Basi mama aliyepewa talaka rejea, ambayo mume aweza kumrudia ndani ya eda, akabaki chumbani mwake, ufunguo ameufunga pindoni mwa kanga, akidai masurufu yake kwa upole, hajapungukiwa na subira hata kidogo.

Tanzania Bara, hata asiyewahi kupokea mshahara ana pa kusimama: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, ikifasiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Atunze risiti za mabati na saruji, na awakumbuke majirani walioshuhudia ujenzi.