"Imeshuka Sana" Si Sababu ya Kununua Hisa

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Hisa hii imeshuka sana, ninunue?" Miaka yote niliyofanya udalali wa hisa sijawahi kulijibu kwa ndiyo au hapana, na wapo wateja wanaoondoka wakidhani nawaficha jambo. Siwafichi. Ni kwamba ndani yake mna maswali mawili yaliyobebana: soko linaelekea wapi, na kampuni yenyewe ina thamani gani. Kila moja lina jibu lake.

Tuanze na mwelekeo. Charles Dow, ambaye mwaka 1896 alianza kuchapisha fahirisi ya hisa za viwanda, yaani namba moja inayojumlisha bei za hisa kadhaa, inayobeba jina lake mpaka leo, alilifananisha soko na bahari. Yapo maji kujaa na kupwa, yapo mawimbi, na juu ya mawimbi vipo viwimbi. Anayetaka kujua kama maji yanajaa haangalii wimbi moja. Anachomeka kijiti mchangani pale wimbi lilipofika, anasubiri. Likija lingine likakipita, anachomeka kijiti cha pili mbele yake. Mawimbi yakianza kuishia chini ya kijiti, moja baada ya jingine, ajue maji yamegeuka.

Kusoma chati ya bei kwa sehemu kubwa ni kuchomeka vijiti. Bei hupanda, ikarudi nyuma, ikapanda tena. Inapoishia juu tunapaita kilele, inapoishia chini bonde. Kila kilele kikipita kilichotangulia, na kila bonde likibaki juu ya lililotangulia, soko linapanda. Ikiwa kinyume, linashuka. Vilele vikisema hivi na mabonde vile, soko halina mwelekeo, nami hufunga chati nikaendelea na shughuli nyingine.

Nionyeshe kwa namba. Tarehe 3 Septemba 1929 fahirisi ya Dow ilifunga ikiwa 381. Kufikia 13 Novemba ilikuwa imeporomoka hadi 199, karibu nusu. Imeshuka sana, sivyo? Walionunua siku hiyo walionekana werevu kweli, kwani katikati ya Aprili 1930 ilikuwa imefika 294, faida ya karibu asilimia 48 ndani ya miezi mitano. Hapo ndipo wengi waliokuwa wamesita walipoingia.

Sasa chomeka kijiti. Kilele cha 294 kiko chini kabisa ya kile cha 381. Wimbi limekuja kwa kishindo, lakini halikufika lilipofika la kwanza. Kabla mwaka 1930 haujaisha, bei zilikuwa zimelivunja na lile bonde la 199. Vilele chini, mabonde chini: maji yanakupwa. Tarehe 8 Julai 1932 fahirisi ilifunga ikiwa 41. Aliyenunua kwenye 199 akijua amepata cha bure alikuwa amepoteza asilimia 79. Aliyesubiri "uhakika" akaingia kwenye 294 alipoteza asilimia 86. Fahirisi haikurudi kwenye 381 hadi Novemba 1954.

Kwa hiyo kanuni yangu ni bonde la pili. Bei ikianguka, sinunui kwenye bonde la kwanza hata liwe la kina gani. Naiacha ipande, naiacha irudi, kisha natazama inaposimama. Ikisimama juu ya bonde la kwanza, ndipo ninapoanza kuhesabu hela.

Kanuni hii ina ushuru wake, nisiufiche. Mwaka 2020 fahirisi ya S&P 500 ya soko la Marekani ilipoteza karibu asilimia 34 kati ya 19 Februari na 23 Machi, na kufikia Agosti ilikuwa imeshapita kilele chake cha awali. Tuliosubiri ushahidi tulinunua ghali kuliko waliofumba macho wakaruka. Mimi niko radhi kuulipa.

Kifaa kingine ni wastani wa siku 200. Unajumlisha bei za kufungia za siku 200 za mnada zilizopita, unagawanya kwa 200, na kila siku unaongeza bei mpya na kuitoa ya zamani kuliko zote. Unapata mstari uliotulia. Watu hupenda kuangalia kama bei iko juu au chini ya mstari huo. Mimi huangalia zaidi kama mstari wenyewe unainuka au unainama, maana soko lisilo na mwelekeo huupita juu na chini kila wiki na kukutia hasara ya ada za udalali. Kumbuka pia kwamba mstari huo hauoni mbele hata hatua moja. Ni kumbukumbu tu.

Idadi ya hisa zilizobadilishana mikono nayo itazame. Bei iliyopanda siku ambayo ni wachache mno waliouza na kununua haina mengi ya kusema.

Haya, tuseme mwelekeo ni mzuri. Je, unanunua? Fahirisi ya Nikkei ya Japani ilifunga ikiwa 38,915 tarehe 29 Desemba 1989, na hadi siku hiyo chati ilikuwa ya kupendeza, vilele juu ya vilele. Kilele hicho hakikupitwa tena hadi Februari 2024. Chati haikukwambia kwamba bei zilikuwa zimekimbia mbali mno na faida za kampuni zenyewe.

Ndiyo maana lazima ugawanye bei ya hisa kwa faida ya kampuni kwa kila hisa. Bei ikiwa 60 na faida 5, unapata uwiano wa 12: unalipia miaka 12 ya faida ya sasa. Linganisha na kampuni za sekta hiyohiyo, na historia ya kampuni yenyewe. Lakini namba ndogo isikulevye. Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilinunua hisa iliyokuwa na uwiano wa 4, nikajiona nimeokota dhahabu. Mwaka uliofuata faida ilianguka vibaya, bei ikaifuata. Niliporudi kwenye hesabu zao niliukuta mstari mmoja, "mapato mengineyo", mkubwa kuliko mapato ya biashara yenyewe: walikuwa wameuza kiwanja. Kiwanja huuzwa mara moja. Tangu siku hiyo nikifungua taarifa ya fedha naanza na mstari huo, kisha naenda kwenye mtiririko wa fedha taslimu kuona kama faida iliyoandikwa imeingia benki kweli.

Mwelekeo na thamani vikikubaliana, nanunua kwa mafungu matatu. La kwanza bonde la pili likishajionyesha. La pili bei ikikipita kilele kilichotangulia. La tatu matokeo yajayo ya kampuni yakitoka bila kunishtua. Na kabla ya fungu la kwanza naandika kwenye karatasi bei ambayo nikiiona nitauza: chini kidogo ya bonde lile. Nikisubiri kuamua siku yenyewe nitajitafutia visingizio, najijua. Oda zangu huwa na kikomo cha bei, hasa kwa hisa zisizo na wauzaji wengi, ambako oda ya "bei yoyote" inaweza kukupa bei ya ajabu.

Ukiwa unaweka kiasi kilekile kila mwezi kwenye mfuko unaofuata fahirisi, kwa miaka 20, sehemu kubwa ya haya huihitaji. Endelea hivyo hivyo, wala usinipigie simu.

Wengine nikishamaliza kuwauliza bonde la mwisho liko wapi na uwiano ni kiasi gani, huwauliza hela hiyo wataihitaji lini. Mmoja alinijibu ni karo ya muhula ujao. Nilimrudishia fomu yake ikiwa tupu.