Anza pale masomo yalipokatika: kumsomesha nyumbani mtoto wa malezi ya kambo

Mtoto wa malezi ya kambo, yaani aliyeondolewa kwao akawekwa kwa mlezi mwingine, akishika mkia darasani, watu wa karibu huwa na maelezo tayari: kichwa kizito, mvivu, shule haipendi. Kazi yangu ni kuwaelekeza walezi namna ya kuwasaidia watoto masomo nyumbani, na kabla sijagusa daftari la mtoto huuliza amehama mara ngapi, na alipohama darasa lilikuwa limefika wapi.

Mtoto aliyeondolewa kwao akiwa darasa la tatu, akakaa wiki kadhaa bila shule huku uhamisho ukishughulikiwa, anaweza kulikuta darasa jipya limeshamaliza hesabu za sehemu, kama nusu na robo, na linaanza desimali. Hakuna atakayerudi nyuma kwa ajili yake peke yake. Mwaka ukiisha anapanda darasa, na lile pengo linapanda naye. Mtoto wa familia maskini anayekatisha shule mara kwa mara ili alee wadogo zake hupata mapengo ya aina hiyohiyo, hata kama hajawahi kuhama nyumba.

Ndiyo maana sipendi mlezi aanze na kazi ya leo ya shule. Mpe kwanza mtoto wa darasa la tano hesabu hii: 402 kutoa 178. Akiandika 376, usikimbilie kumwekea alama ya kosa. Fuata mkono wake. Kwenye mamoja aliona 8 haitoki kwenye 2, akageuza, akatoa 2 kwenye 8 akapata 6. Kwenye makumi akafanya vivyo hivyo, 0 na 7, akapata 7. Mwisho 4 kutoa 1, akapata 3. Kila hatua kaitoa sawasawa. Huyu anajua kutoa. Kukopa ndiko kulikompita, na kukopa mbele ya sifuri ndiko kugumu zaidi.

Sasa kata karatasi za saizi tatu: kubwa iwe mia, ya wastani iwe kumi, ndogo iwe moja. Mtoto apange 402 mezani, kubwa nne na ndogo mbili. Abadilishe mia moja kwa makumi kumi, kisha kumi moja kwa mamoja kumi. Atabaki na mia 3, makumi 9 na mamoja 12. Atoe 178 kwa mikono yake, akute 224. Arudie na 503, na 700, siku mbili tatu, hadi aache kuzihitaji karatasi. Ni kazi ya darasa la chini, na mtoto mkubwa anaweza kuona aibu, kwa hiyo ifanyike mkiwa wawili tu, mbali na macho ya watoto wengine wa nyumba.

Walezi wengi huniambia, “Mimi si mwalimu.” Nawaelewa, lakini naamini kabisa kwamba wanafaa kuifanya kazi hii. Utafiti uliofanyika Ontario, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwafunza walezi wa kambo kuwasomesha watoto wao wa shule ya msingi kwa saa chache kila wiki, kwa kufuata mtaala ulioandaliwa hatua kwa hatua. Watoto hao waliwazidi wenzao waliokuwa wakisubiri zamu katika hesabu na katika kuelewa sentensi wanazosoma. Ireland Kaskazini, utafiti uliochapishwa 2016 uliangalia mpango wa Letterbox Club, unaowatumia watoto wa malezi ya kambo vifurushi vya vitabu na michezo ya hesabu, na haukuona mabadiliko katika usomaji wao. Vitabu nyumbani navitaka sana. Ninachojifunza hapo ni kwamba kifurushi peke yake hakitoshi. Lazima pawe na mtu mzima wa kuketi na mtoto.

Kwa kusoma, ninayoitegemea zaidi ni mbinu ya kusoma wawili, iliyoanza Uingereza miaka ya 1970. Mtoto achague kitabu mwenyewe. Mketi ubavu kwa ubavu, msome kwa sauti pamoja, wewe ukifuata mwendo wake. Akijisikia kusoma peke yake, anagonga meza, nawe unanyamaza papo hapo. Akikwama, subiri kama sekunde nne. Asipoliweza neno, litamke wewe, alirudie, mwendelee pamoja mpaka agonge tena. Usimwambie alikisie herufi kwa herufi, wala usimuulize “hili si tulilisoma jana?” Dakika kumi na tano zinatosha. Mtoto aliyeamuliwa kila kitu, nyumba ya kulala, shule, hata siku ya kumwona mama yake, hapa ana jambo analoliamua yeye, na nimewaona watoto wakiigonga ile meza kwa nguvu.

Zipo siku za kuacha. Jioni anapotoka kuonana na wazazi wake, au kesho yake ikiwa kuna kikao cha kesi, usilete daftari. Mtoto aliyejaa hofu hashiki kitu, na mkigombana juu ya kazi ya shule mnaharibu uhusiano ambao bado mchanga. Kazi kama “chora ukoo wako” au “lete picha yako ukiwa mchanga” nazo zinaumiza. Zungumza na mwalimu mapema ili mtoto apewe kazi nyingine, bila kumweleza mwalimu historia nzima ya mtoto.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 20, unataka mwendelezo katika malezi ya mtoto uzingatiwe pale anapotafutiwa mahali pa kuishi. Kwa masomo, mwendelezo huo unaweza kubebwa na daftari moja. Kila wiki mlezi aandike mistari michache: tunasoma kitabu gani na tumefika ukurasa gani, hesabu ipi ameiweza, ipi bado, saa ngapi anasoma vizuri, nini kinamkatisha tamaa. Akihamishwa, au akirudi kwa wazazi wake, daftari liende naye pamoja na kitabu alichokuwa akikisoma, na afisa wa ustawi wa jamii apewe nakala. Ripoti ya shule itamwambia mlezi mpya kwamba mtoto ana alama 31 katika hesabu. Daftari litamwambia kwamba kukopa ameshakuweza, sehemu hajazianza, na kwamba aanze nazo Jumatatu.