Je, Wajua Kwa Nini Seva Yenye Laini Mbili Huingilia Huku na Kutokea Kule?

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Dar es Salaam intaneti ikaanza kujikongoja. Ofisini kwetu wakubwa wakasema basi, tuvute laini ya pili ya kampuni nyingine. Ikavutwa. Fundi akaichomeka kwenye kadi ya pili ya mtandao ya seva yetu ya Linux, akaipa anwani yake ya IP na geti yake (mlango wa kutokea kwenda mitandao mingine), akaondoka.

Laini ya kwanza ilikuwa shwari. Ya pili, ukiiita kutoka nje, kimya. Taa inawaka, kebo nzima. Nikawasha tcpdump, programu ya kutazama data inayopita kwenye kadi: kumbe pakiti, yaani vifurushi vya data, zinaingia vizuri tu kupitia kadi ya pili, ila majibu yanatokea kadi ya kwanza.

Seva, kwa kawaida yake, haijali mgeni aliingilia wapi. Inapojibu hutazama jambo moja tu: pakiti inakwenda wapi. Hufungua jedwali la njia, hutafuta mstari unaoikaribia zaidi anwani ya mwendako, na usipopatikana hushika njia ya msingi. Njia za msingi zikiwa mbili, Linux huchagua yenye metriki ndogo, yaani namba ya kipaumbele cha njia. Kwetu ilikuwa laini ya kwanza, kila mara.

Sasa fikiria mtu aliyevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni, wewe ukamrudishia darajani huku ameshika tiketi ya pantoni. Kwenye kizuizi cha tozo watamshangaa. Jibu letu nalo lilipita laini ya kwanza likiwa na anwani ya laini ya pili, na kampuni ya intaneti inayofuata BCP 38, mwongozo wa mwaka 2000 wa kuzuia anwani za kughushi, hutupa pakiti yenye anwani isiyo ya mteja wake.

Seva nyingine hazifiki hata huko. Zikiwa na rp_filter (kichujio cha Linux kinachokagua kama jibu lingerudi kwa kadi ileile) yenye thamani 1, pakiti hutupwa na seva yenyewe kabla ya kujibiwa, na tcpdump bado itakuonyesha kwamba imeingia. Hapo watu hukesha.

Kama kadi ya pili ni ya mtandao wa ndani tu, dawa ni nyepesi: usiipe geti ya msingi kabisa. Kwa laini mbili za intaneti, tengeneza jedwali la pili, kisha iambie seva kwamba chochote kinachotoka na anwani ya laini ya pili kisome jedwali hilo:

ip route add default via 203.0.113.1 dev eth1 table 200
ip rule add from 203.0.113.10 table 200

Hapo eth1 ni kadi ya pili, 203.0.113.1 ni geti yake na 203.0.113.10 ni anwani yake; ni za mfano, weka zako. Na uziandike kwenye faili la mipangilio pia, maana amri hizi hufutika seva ikizima, na umeme wa mjini hapa haubishi hodi ukitaka kukatika.