Michezo ya Video ya Kutisha: Mzazi Atazame Nini Kabla ya Kumruhusu Mtoto

Malalamiko yanayotufikia kuhusu watoto wanaokataa kulala peke yao, au wanaoamka usiku wakipiga mayowe, mara nyingi yanaishia kwenye mchezo ambao mzazi mwenyewe aliupakua kwa sababu picha yake ilikuwa ya mwanasesere. Sura ya katuni si ushahidi kwamba mchezo umetengenezwa kwa ajili ya watoto, na inasikitisha kwamba tunalazimika kulirudia jambo hili mara kwa mara. Katika Five Nights at Freddy's, uliotoka mwaka 2014, mchezaji ni mlinzi wa usiku anayewatazama kupitia kamera wanyama wa mitambo wanaomnyemelea huku umeme ukimwishia. Daraja lake la ESRB, mfumo wa Marekani wa kupanga michezo kwa umri, ni la kuanzia miaka 13.

Michezo ya aina hii, iliyopata umaarufu kupitia Resident Evil ya mwaka 1996, humnyima mchezaji nguvu kwa makusudi: risasi ni chache, njia ni za giza, na sauti hutangulia adui. Hapo ndipo inapotofautiana na filamu, kwa kuwa mtoto hawezi kufumba macho akasubiri tukio lipite; ni yeye mwenyewe anayepaswa kuufungua mlango. Kijana aliyekomaa anaweza kufurahia kuimudu hofu hiyo, hata akajifunza kupanga mambo akiwa chini ya shinikizo. Mtoto wa miaka 4 au 5 bado hatenganishi vizuri kinachoonekana na kilicho halisi, na maneno kwamba "hilo halipo" hayamtulizi kama kukaa naye karibu na kuwasha taa. Mtoto wa miaka 8 anajua kuwa zimwi ni la kubuni, lakini mlango unaovunjwa usiku unamtia hofu kwa sababu jambo hilo linaweza kutokea. Akikosa usingizi, hasara inaonekana darasani: wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12.

Kuhusu madaraja, mfumo wa Ulaya wa PEGI una ngazi za 3, 7, 12, 16 na 18. Nchini Uingereza, tangu Julai 2012, muuzaji anayemuuzia mtoto mchezo wa daraja la 12, 16 au 18 kabla hajafikisha umri huo anatenda kosa, na anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miezi 6. Adhabu hiyo ni ya muuzaji. Mzazi anayemnunulia mwanawe haguswi, na kwa sababu hiyo hiyo wajibu unabaki mikononi mwake. Mfungulie mtoto akaunti yake kwa tarehe halisi ya kuzaliwa, weka kikomo cha daraja katika mipangilio, kilinde kwa nambari ya siri asiyoijua, kisha agiza kila upakuaji upate idhini yako. Akaunti yenye umri wa uongo hubatilisha hatua zote hizo. Zingatia pia kwamba kikomo cha michezo hakizuii video za watu wengine wakiicheza, na watoto wengi hukutana na vitisho hivyo kupitia video kwanza.

Tunawaomba wazazi waache kudai kwamba mchezo mmoja humgeuza mtoto kuwa muuaji. Mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, kilieleza kwamba ushahidi wa kuihusisha michezo yenye ukatili na uhalifu wa kutumia nguvu hautoshi, ingawa upo uhusiano mdogo na ukali wa kawaida kama vile kufoka na kusukumana. Dai hilo la kugeuka muuaji linamfanya mtoto aifiche hofu yake. Ucheze mchezo huo mwenyewe kwa nusu saa, ukiwa umefungulia sauti, kabla ya kumpa ruhusa. Iwapo jinamizi au woga wa kubaki peke yake utaendelea kwa wiki kadhaa baada ya mchezo kusitishwa, mpeleke mtoto kwa mtaalamu wa afya na umtajie jina la mchezo.