Unauza Laki Mbili kwa Siku, Unabaki na Ngapi?

Mwenye duka ukimuuliza biashara inaendaje, atakutajia mauzo. Faida hana jibu. Tuchukue mfano wa duka la rejareja la mtaani Dar es Salaam: unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni. Linauza shilingi 200,000 kwa siku.

Tuseme mzigo uliouzwa ulinunuliwa kwa 176,000. Zinabaki 24,000. Pango la 150,000 kwa mwezi ni 5,000 kwa siku. Kijana wa dukani 5,000, bodaboda wa kuleta mzigo 4,000, umeme na vifungashio 2,000. Zimebaki 8,000. Jioni mwenye duka anabeba mchele na mafuta ya kupikia vya 5,000, haandiki popote, maana ni vya kwake. Zimebaki 3,000, na kodi ya mapato hatujaigusa. Huyu amefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 3 usiku.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujilipa. Jipangie posho, iandike kwenye matumizi kama ya kijana wako, na ukichukua unga, ulipie kutoka kwenye posho hiyo. Wengi hawapendi kusikia hili kwa sababu hasara inajitokeza siku hiyohiyo. Ijitokeze.

La pili, mikopo ya wateja. Jirani akikimbia na deni la bidhaa ulizonunua kwa 6,000, unahitaji kuuza bidhaa za 50,000 ili tu kuirudisha hiyo 6,000, kabla ya pango na kijana. Mama Fulani ni mtu wa watu, sawa, lakini daftari la madeni liwe na kikomo kwa kila mtu, na deni la zamani lisipolipwa asiongezewe hata kiberiti.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa na marejesho ya harakaharaka, ndiyo inayomaliza maduka mengi. Chukua 500,000 ya kurejesha 20,000 kila siku kwa siku 30. Utarejesha 600,000. Duka letu linabaki na 3,000 kwa siku; 17,000 nyingine zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mtaji. Rafu zinapungua, mteja anakosa sukari, anahamia duka la pili, nawe unakopa tena kuziba pengo. Kama ni lazima ukope, ulizia halmashauri yako: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ina mlolongo, ndiyo.

Kuhusu TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka kwa kawaida hutozwa kwa kuangalia mauzo, si faida. Duka letu, likifunguliwa siku 360, linauza milioni 72. Litadaiwa kodi hata kama mwenyewe habaki na kitu mfukoni. Sheria inamruhusu kuchagua kutozwa kwa faida, ila sharti awe na hesabu zilizoandaliwa, si kumbukumbu za kichwani.

Anza na daftari la shilingi elfu mbili: mauzo, manunuzi, matumizi, madeni, kila jioni kabla ya kufunga. Baada ya miezi mitatu, kama duka haliwezi kukulipa posho, toa bidhaa zinazolala, panga na wenzako kununua jumla kwa pamoja, au hamia kwenye pango nafuu. Hayo yakishindikana, lifunge ukiwa bado na mtaji wa kuanzia kingine.