Panya jike, dawa za wadudu na kolestro inayodanganya

Ukitaja sumu ya dawa za wadudu watu wanawaza mishipa ya fahamu tu, mnyama anatetemeka, mate yanamchuruzika, na ni kweli dawa za jamii ya oganofosfeti kama klopairifosi ndo zinavyofanya kwa dozi kubwa. Lakini wale panya waliopewa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, wanaokula na kukimbia kama kawaida, mimi damu yao naanza kuisoma kwenye mafuta, maana dawa ikishaingia lazima ipite kwenye ini, na ini ndilo linalotengeneza na kusafirisha mafuta ya mwili.

Humo ndani ini linaigeuza klopairifosi kuwa oksoni, ambayo ni kali kuliko dawa yenyewe. Kuna kimeng'enya cha kuivunja hiyo oksoni kinaitwa paraoksonasi, na hiki kinasafiri kwenye damu kikiwa kimepanda HDL, ile tunayoiita kolestro nzuri. Kwa hiyo HDL ikishuka mimi siwazi moyo peke yake, nawaza pia kwamba mlinzi kapungukiwa usafiri.

Trigliseraidi, yaani mafuta ya kawaida yanayosafiri kwenye damu, nazo zina ujanja wake. Zikipanda kila mtu anaona tatizo, zikishuka watu wanafurahi, kumbe wakati mwingine zimeshuka kwa sababu ini limechoka, halina nguvu ya kuyatoa mafuta kwenda kwenye damu, ukilipasua unakuta limejaa mafuta na rangi imepauka. Namba nzuri, ini bovu!

Sasa kwa jike ndo shughuli. Estrojeni, homoni ya kike, inaliongezea ini vipokezi vya kunasa LDL, ile inayoitwa kolestro mbaya, halafu ovari zenyewe zinatumia kolestro kama malighafi ya kutengeneza homoni, yaani dawa ikivuruga ovari, mafuta ya damu yanaweza kubadilika hata kama ini halijaguswa sana. Na mzunguko wa panya ni siku 4 au 5 tu, ukitoa damu Jumatatu kwa hawa na Alhamisi kwa wale umeshachanganya homoni na sumu. Ndo maana tafiti nyingi zilikimbilia madume, eti ni rahisi, wakati parathioni kwa mfano, dawa nyingine ya oganofosfeti, inajulikana kuwa kali zaidi kwa panya jike kuliko dume.

Halafu panya si mtu mdogo mwenye mkia. Sehemu kubwa ya kolestro yake iko kwenye HDL, LDL ni kidogo, sasa mtu anachukua fomula ya binadamu ya kukadiria LDL anaibandika kwa panya, wakati mwingine jibu linatoka hasi kabisa na bado anatafuta namna ya kulielezea.

Kosa langu mwenyewe nalikumbuka vizuri, niliona trigliseraidi zimepaa kwenye kundi la dawa nikaanza kuandika kwa mbwembwe, kuja kuangalia daftari, dawa ilikuwa imeyeyushwa kwenye mafuta ya mahindi na kundi la kulinganisha lilipewa maji. Wiki nzima nilikuwa nanywesha panya mafuta halafu nashangaa mafuta kwenye damu. Tukarudia, safari hii makundi yote yakapata mafuta yaleyale, wote wakanyimwa chakula usiku kucha kabla ya kutolewa damu, na kila asubuhi tunachukua ute wa ukeni kujua jike yuko siku gani ya mzunguko.