Programu chaguo-msingi ya picha: kwa nini picha hufunguka pasipotakiwa

Programu chaguo-msingi ni ile ambayo kompyuta huiita yenyewe unapobofya faili mara mbili. Ukibofya picha ikafunguka kwenye Photos, programu ya Windows ya kutazama picha, basi Photos ndiyo iliyopewa kazi ya kufungua picha za aina hiyo. Ikifunguka kwenye Paint au kwenye kivinjari, au ikaanza kuamsha Photoshop kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo (RAM) ya GB 4 huku foleni ya wateja ikirefuka, usiilaumu picha. Kilichobadilika ni maelekezo ya nani aifungue.

Tatizo hili ni la kila siku kwenye steshenari za Mwanza, iwe Mlango Mmoja, Buzuruga au karibu na vyuo kule Malimbe, kwa sababu kompyuta moja hupita mikononi mwa watu wengi. Mmoja akiulizwa na Windows afungue kwa programu gani, akabofya "Always" bila kusoma, anayempokea zamu ndiye anayekuta mambo yamegeuka.

Windows haichunguzi picha yenyewe ili kuamua iitwe programu gani. Inasoma kiendelezi, yaani zile herufi zinazofuata nukta ya mwisho kwenye jina la faili: .jpg, .png, .webp na kadhalika. Kila kiendelezi kina mstari wake kwenye orodha ya Windows, na kila mstari una programu yake. Hapo ndipo wengi wanapokwama, maana .jpg na .jpeg ni picha za aina moja kabisa, iitwayo JPEG, lakini kwenye orodha hiyo ni mistari miwili. Ukirekebisha mmoja, wa pili unabaki ulivyokuwa.

Angalia linavyotokea dukani. Mhudumu amerekebisha .jpg, amejaribu picha za kwenye flashi ya mteja, zote zinafunguka vizuri. Mteja wa pili anatuma picha yake kwa WhatsApp ili achapiwe picha za pasipoti. Inapakuliwa kupitia WhatsApp Web, na jina linakuja na maneno "WhatsApp Image", tarehe, saa, kisha .jpeg. Inafunguka Paint. "Fundi, si ulisema umeshaitengeneza?" Imetengenezwa kweli, ila kwa .jpg tu. Picha iliyohifadhiwa kutoka kwenye kivinjari nayo inaweza kuja na .jfif, ambayo pia ni JPEG ileile na ina mstari wake. Stika za WhatsApp ni .webp. Kwa kompyuta ya steshenari, rekebisha yote kwa mkupuo: .jpg, .jpeg, .jfif, .png, .webp na .bmp.

Kabla ya yote, fanya viendelezi vionekane, kwa kuwa Windows huvificha. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya View, kisha Show, kisha "File name extensions". Kwenye Windows 10 ni kisanduku cha kutia alama chini ya View. Usiiruke hatua hii hata kidogo. Flashi zinazozunguka mjini hubeba virusi vyenye majina kama picha.jpg.exe; .exe ni kiendelezi cha programu, si cha picha. Viendelezi vikiwa vimefichwa, unaona picha.jpg na unabofya ukiamini ni picha.

Sasa bofya kulia kwenye picha, chagua "Open with", halafu "Choose another app", chagua programu unayoitaka. Kwenye Windows 11 bonyeza "Always". Ukibonyeza "Just once" itakuwa ya mara hiyo moja tu. Kwenye Windows 10 tia alama kwenye "Always use this app" kabla ya kubonyeza OK. Kufanya vyote bila kutafuta picha ya kila aina, nenda Settings, Apps, Default apps. Kwenye Windows 11 andika .jpeg kwenye kisanduku cha juu, bofya programu inayotokea, chagua nyingine, kisha rudia kwa kiendelezi kinachofuata. Uamuzi huu unakaa kwenye akaunti ya mtumiaji. Kama kompyuta ina akaunti mbili, ya mchana na ya jioni, fanya kwenye zote mbili.

Kuna mafundi wanaogawa vifaili vya kubadilisha mipangilio hii kwa kubofya mara moja. Mara nyingi havishiki. Tangu Windows 8, chaguo la mtumiaji hufungwa kwa alama ya siri. Programu ikiliandika kwa nguvu, Windows inaona alama hailingani, inarudisha programu yake na kukujulisha kuwa chaguo limerejeshwa. Pita njia ya Settings.

Kwa nini tusiiache tu Paint ifungue? Kwa sababu ukihifadhi JPEG ndani ya Paint, picha inabanwa upya na ubora unapungua, hata kama hukubadilisha chochote cha maana. Picha ya pasipoti iliyohifadhiwa hivyo mara kadhaa huanza kuota vidoa kando ya nywele na kola ya shati. Programu ya kutazama tu ni salama zaidi.

Picha za iPhone ni jambo jingine. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo nyingi hupiga picha za .heic. Hapa kubadili programu pekee huenda kusisaidie; Photos yenyewe inaweza kuhitaji nyongeza za kuiwezesha kusoma .heic, yaani ya HEIF, ambayo ni ya bure, na HEVC, ambayo huuzwa, zote kutoka Microsoft Store. Kubadili jina kutoka .heic kwenda .jpg hakugeuzi kilichomo ndani. Kama bando ni dogo, mwombe mteja aitume kwa WhatsApp kama picha, si kama dokumenti: itafika ikiwa JPEG, ingawa imepunguzwa ukubwa. Kwa pasipoti inatosha, kwa A4 itaonekana hafifu. Picha atakazopiga baadaye zitakuwa JPEG akienda Settings, Camera, Formats, na kuchagua "Most Compatible".

Ikiwa umerekebisha kila kitu na picha bado haifunguki, tazama ukubwa wa faili. Ikisomeka 0 KB, huenda flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kwisha, au umeme ulikatika katikati. Rudi kwenye simu au kamera uinakili tena. Ikiwa ukubwa ni wa kawaida na picha zote zinagoma, Photos yenyewe ndiyo inayoumwa: kwenye Windows 11 nenda Settings, Apps, Installed apps, bofya nukta tatu mbele ya Photos, "Advanced options", bonyeza "Repair". Isipotosha, bonyeza "Reset".